Roki, Mahindi na Mwalimu Aliyenyamaza

"Zima hilo bati linalokwaruzwa. Nimeleta redio ya serikali."

Elirehema hakuzima. Alikuwa ameinama juu ya gramafoni aliyoiunganisha na betri ya lori, na gitaa la umeme lilikuwa linalia kibandani mwake kiasi cha kuwafukuza mbuzi wa stendi ya Same.

"Sikukusikia," alisema, ingawa alisikia kila neno.

"Nimesema zima hilo bati."

"Hili si bati, dada. Hii ni roki. Lakini siwezi kumlaumu mwalimu wa mapishi kwa kutoijua."

Raheli alitua redio mezani kwa kishindo. Alikuwa ametoka Mhezi, kule milimani, alfajiri, juu ya magunia ya viazi, kwenye lori la Kassimu. Huko Mhezi alifundisha wasichana maarifa ya nyumbani, jambo ambalo stendi nzima ililijua, na alasiri akafundisha darasa la watu wazima. Mwaka ule wa 1972 nchi nzima ilikuwa inajifunza kusoma, wazee na vikongwe, na redio ya darasa ndiyo waliyosikilizia vipindi vya masomo. Redio ilikuwa imekufa, na fundi pekee alikuwa huyu mwenye kelele.

"Naijua vizuri," alisema. "Ni kelele za vijana wa Kizungu wasio na kazi."

"Kumbe! Ilianzia kwa nani?"

"Kwa hao hao Wazungu."

Fundi alicheka mpaka akashika meza. "Mwalimu mzima! Ilianzia kwa watu weusi wa Amerika, wajukuu wa watumwa. Walikuwa na nyimbo zao za huzuni na nyimbo zao za kanisani, wakazitia mwendo. Wazungu walikuja baadaye, wakaondoka na sifa. Na wewe unawasaidia kubeba."

Raheli hakupenda kukosea. Alipenda zaidi kulala na njaa kuliko kukosea mbele ya mwanamume aliyepakaa risasi ya kulehemu mpaka kwenye nyusi. Akaangalia huku na huku akitafuta pa kumshika, akaona bakuli pembeni mwa meza.

"Unakula nini hapo?"

"Makande. Hutaniambia na haya ni kelele."

"Mahindi yake yalitoka wapi?"

"Shambani kwa mjomba wangu, Hedaru."

"Kabla ya mjomba wako?"

"Kwa babu."

"Na kabla ya babu?"

Elirehema akalitazama bakuli kama analiona leo.

"Amerika," Raheli alisema polepole, kama anavyowasomea silabi wazee wake. "Wareno ndio walioyaleta huku. Na maharage hayo unayotafuna, Amerika vilevile. Kwa hiyo muziki wako umetoka Amerika, bakuli lako limetoka Amerika, na wewe mwenyewe umetoka Hedaru. Tengeneza redio."

Fundi alizima gramafoni. Akafungua redio, akapuliza vumbi. Kisha akauliza bila kuinua macho:

"Una mengine kama hayo?"

"Ninayo ya kukutosha mpaka uzeeke."

"Mimi pia. Niandikie. Lori la Kassimu hupanda na kushuka mara mbili kwa wiki. Atakayeshindwa kujibu aandike kwa mkono wake mwenyewe kwamba ameshindwa."

"Utamaliza karatasi," Raheli alisema.

Ndivyo walivyoanza, bila upendo hata chembe, kila mmoja akitaka kumwona mwenzake ameanguka chali. Kassimu, dereva mwenye tumbo na subira, alizibeba barua hizo mfukoni mwa shati akidhani ni mambo ya vipuri.

*Ndugu Fundi, muhogo uliletwa Afrika na nani, kutoka wapi? Usiulize wateja wako. Mwl. Raheli.*

*Mwalimu, Wareno tena, kutoka Brazili. Nimesoma kitabu cha maktaba ya shule ya jioni, kwa hiyo usinione mjinga. Nami nakuuliza: kwa nini gitaa la umeme likisogezwa karibu na spika hupiga yowe bila mtu kuligusa? Fundi E.*

*Ndugu Fundi, kwa sababu limesikia sauti yake lenyewe likashtuka, kama watu wengine ninaowajua. Nimeshindwa. Eleza.*

*Mwalimu, umekaribia kupata. Sauti inatoka kwenye spika, inaingia tena kwenye gitaa, inarudi kwenye spika ikiwa kubwa zaidi, na kuendelea. Watu wa roki waliona ni kosa, halafu wakalifanya kuwa ufundi.*

*Fundi, viazi mviringo vya hapa Mhezi vilitoka milima gani?*

*Upareni.*

*Usinichekeshe. Milima ya Andizi, Amerika ya Kusini. Ulaya vilipofika, wengi walivikataa kwanza, wakawalisha nguruwe. Na nyanya waliiogopa wakidhani ni sumu. Andika umeshindwa.*

*Nimeshindwa. Hao walioiogopa nyanya, waliacha kuiogopa lini?*

*Walipoona waliokula hawajafa.*

*Basi na mimi nitajaribu. Swali la leo halihusu roki. Nikimtuma Kassimu kwa baba yako, atapewa kiti?*

Raheli aliisoma hiyo akiwa amesimama nyuma ya jiko la shule, akaikunja, akaikunjua. Ilimchukua safari mbili za lori kujibu.

*Kassimu atapewa kiti. Wewe ndiye utakayekalia misumari.*

Baba yake, Mzee Tumainieli, alikuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo, mwaka wa kumi na nane sasa. Alihukumu mipaka ya mashamba, mifereji ya maji na ng'ombe walioingia migombani, na hakuna aliyewahi kusema kwamba alipindisha. Kusoma alikuwa hajui. Alikuwa anajifunza darasani kwa binti yake, kiti cha mbele, na alipokosea herufi alimkazia Raheli macho kana kwamba herufi ndiyo iliyokosea.

Kassimu alipeleka posa, akarudi na jibu kwamba mzee anataka kumwona kijana mwenyewe. Jumamosi Elirehema akapanda Mhezi pamoja na Kassimu, amevaa kanzu ya kuazima iliyompita kimo.

Barazani alimkuta mgeni mwingine ameketi amekunja nne. Huyo alikuwa Lugano, kijana wa Tukuyu, katibu wa vijana wa tarafa, mwenye shati la mifuko minne na kalamu katika kila mfuko. Mwenyewe alikuwa ameshamtaka Raheli mara mbili, na mara zote Raheli alimjibu kwamba ana daftari za kusahihisha.

"Shikamoo, mzee," Elirehema alisema.

"Marahaba. Keti. Unafanya kazi gani?"

"Natengeneza redio, mzee. Na gramafoni."

"Anapiga miziki ya mabeberu mchana kutwa," Lugano alidakia. "Stendi nzima inajua. Kasumba imemwingia mpaka kwenye mifupa. Mzee, mtu kama huyu muulize tu chakula cha mababu zake, utaona kama anakijua."

Raheli ndiyo kwanza alikuwa anaingia na sinia la makande. Mzee Tumainieli alilitazama sinia, akafurahi. Lilikuwa swali rahisi, la kumsaidia kijana.

"Haya, jibu. Chakula cha asili cha Mpare, tangu mababu wa mababu, ni kipi?"

Elirehema alimtazama Raheli mara moja tu. Kisha akajibu:

"Ulezi, mzee. Mtama. Kunde."

"Na makande?"

"Makande ni matamu, mzee, nami nimelelewa kwayo. Lakini mahindi na maharage yalikuja juzijuzi. Asili yake ni Amerika. Wareno walileta."

Mzee Tumainieli akaondoa macho kwenye sinia.

"Unaniambia baba yangu, aliyezikwa pale nyuma ya nyumba, alikuwa anakula chakula cha Wareno?"

"Sikusema hivyo, mzee."

"Umesema hivyo hivyo. Lugano, wewe unasemaje?"

"Makande ni ya Mpare tangu Adamu, mzee," Lugano alisema bila kupepesa.

"Wewe mtu wa Tukuyu, umekulia ndizi," Kassimu alimwambia. "Makande umeyajua lini?"

"Nyamaza, dereva," mzee alisema. Akamgeukia tena Elirehema. "Nani kakufundisha tusi hili?"

Elirehema alimwachia Raheli nafasi. Alingoja. Alingoja muda wa kutosha mtu kuvuta pumzi, kufungua mdomo na kusema, *ni mimi, baba.* Raheli alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Aliona macho ya baba yake, akaona majirani wawili mlangoni. Akaweka sinia chini, akatoka kwenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

"Nimejisomea, mzee," Elirehema alisema hatimaye.

"Wapi? Kwenye shule ya jioni? Mtu anajifunza kusoma akiwa na ndevu, halafu anakuja kunitukania kaburi! Inuka. Kassimu, ondoa mtu wako. Lugano, baba yako alete mahari tuzungumze."

Raheli alirudi na mtungi uliojaa. Kiti cha Elirehema kilikuwa kitupu.

Jumanne Kassimu alisimamisha lori mbele ya shule. Safari hii hakutania.

"Shika. Alinipa bila kunitazama."

*Mwalimu, swali la mwisho. Mtu anayejua jibu, anayemfundisha mwenzake hilo jibu, halafu mwenzake anapofukuzwa kwa ajili ya jibu hilo yeye anakwenda kuchota maji, anaitwaje? Huna haja ya kujibu kwa barua. Sitaifungua.*

"Amesema nini?" Kassimu aliuliza.

"Amesema kweli."

"Basi mjibu."

"Hataki jibu."

"Mwanangu," Kassimu alisema akipanda lori, "mtu asiyetaka jibu hanunui bahasha."

Alasiri hiyo Raheli alifundisha kama mtu anayetembea usingizini. Lugano alikuja kukagua darasa. Alisimama mlangoni na daftari lake, akaandika mambo, na wanafunzi walipopewa mapumziko alimfuata Raheli nje kwenye kivuli cha ukuta.

"Mchumba, mbona umenuna? Mahari inakuja Jumapili."

"Lugano, ulisoma mpaka darasa la ngapi?"

"La kumi na mbili. Unataka cheti?"

"Nataka kujua kitu kimoja. Mahindi yalitoka wapi?"

Lugano alicheka kwa raha, akaegemea ukuta. "Amerika. Si mnafundishwa kwenye jiografia? Kila aliyefika sekondari anajua."

Raheli alimtazama. "Ulijua? Ulijua, na ukasema tangu Adamu?"

"Ulitaka niseme nini? Mzee alikuwa na furaha na makande yake. Anataka makande, nikampa makande. Yule fundi wako ni mjinga. Anadhani ukweli ni kitu cha kumpelekea mkwe kama mkungu wa ndizi."

"Huoni aibu?"

"Aibu?" Alimsogelea, akashusha sauti kama mtu anayetoa zawadi. "Raheli, si mimi peke yangu niliyejua pale barazani. Nilikuona ulivyolishika sinia. Ulificha kama mimi nilivyoficha. Sisi wawili ni watu wenye akili. Ndiyo maana tutaelewana."

Raheli hakuwahi kutukanwa hivyo. Wanaume wengi walikuwa wamemdharau kwa ualimu wake wa vyungu, naye aliwarudishia dharau hiyo hiyo na riba. Lakini huyu alikuwa amempa sifa, na sifa ile ilimkaa kifuani kama kipande cha mfupa. Alimtazama Lugano, kalamu zake nne, tabasamu lake la kukagua, na kwa mara ya kwanza akaona uso wake mwenyewe ulivyokuwa Jumamosi ile barazani.

"Ingia ndani," alimwambia. "Kuna somo hujalikagua."

Darasani walikuwa watu thelathini na wawili. Mzee Tumainieli alikuwa kiti cha mbele, anachonga penseli kwa kisu. Raheli alichukua chaki, akaandika ubaoni neno moja, MAHINDI.

"Baba, soma."

"Ma-hi-ndi. Mahindi."

"Vizuri. Sasa nisikilizeni wote. Mahindi yalitoka Amerika. Maharage vilevile. Yule kijana wa Same hakukutukana, baba. Alikwambia kitu nilichomfundisha mimi, kwa barua, kwa mkono huu. Ulipomuuliza nani kamfundisha, mimi nilikuwa nimesimama pale. Nikaogopa. Nikatoka."

Penseli ilisimama.

"Na huyu," Raheli alimwonyesha Lugano kwa chaki, "ameniambia sasa hivi hapo nje kwamba naye alijua. Alijua wakati anakwambia tangu Adamu. Kanusha, Lugano, watu wakusikie."

Lugano alifungua daftari, akalifunga. "Mzee, mambo haya ya kitaalamu—"

"Ulijua?" Mzee Tumainieli aliuliza.

"Nilijua kidogo."

"Kidogo!" kikongwe mmoja wa nyuma alisema, na darasa zima likaangua kicheko. Lugano alitoka na aibu yake, na kalamu moja ikabaki sakafuni. Hakuna aliyeiokota.

Mzee Tumainieli hakucheka. Aliinuka, akachukua fimbo yake, akatoka. Raheli alimfuata njia nzima mpaka nyumbani. Walipofika barazani mzee akageuka, na mwanawe akajitayarisha kutetea mahindi.

"Sijali yalitoka wapi," mzee alisema. "Yangetoka mwezini, ningekula. Unajua ulichonifanyia?"

"Nimekuaibisha mbele ya darasa."

"Darasa ni kitu gani! Miaka kumi na minane naketi baraza. Mtu akiletwa mbele yangu namuuliza ana shahidi. Siku ile nilimfukuza mtu nyumbani kwangu, na shahidi wake yuko mtoni anachota maji. Binti yangu! Umenifanya nihukumu kwa uongo. Yule mwongo wa Tukuyu nilimtarajia. Ana mifuko mingi mno. Wewe sikukutarajia."

"Nisamehe, baba."

"Mimi si wa kwanza kuombwa. Kesho kutwa Kassimu anashuka. Utashuka, nami nitashuka."

Ilikuwa siku ya gulio. Stendi ya Same ilijaa watu wa Ndungu na mchele wao, Wamasai na mbuzi wao, na mbele ya kibanda cha Elirehema walisimama watu sita na redio zao. Fundi aliwaona wanateremka kwenye lori. Akaendelea kufungua skrubu.

"Shikamoo, mzee," alisema bila kuinuka.

"Marahaba. Nimekuja kurekebisha hukumu."

"Mahakama iko kule, mzee, karibu na boma."

Watu wa redio walitazamana. Mzee Tumainieli alimeza, na ilionekana wazi kwamba lile tonge lilikuwa na miba.

"Hukumu hiyo niliitoa nyumbani kwangu. Nilikufukuza kwa kusema kweli. Nilikosea, na nasema mbele ya hawa nisiowajua."

Hapo Elirehema alisimama. Akafuta mikono kwa kitambaa. "Yako yamekwisha, mzee, tangu njiani. Wewe hukujua. Huyu alijua."

"Sikuja kujitetea," Raheli alisema.

"Vizuri, maana huna cha kujitetea nacho."

"Nilimwogopa baba kuliko nilivyokupenda wewe. Siku ile ndivyo mizani ilivyokuwa."

"Na leo?"

"Jumanne nimesema mbele ya darasa zima, na Lugano akiwa humo. Baba mwenyewe alikuwepo, muulize."

"Alisema," mzee alithibitisha, kwa ukali, kama anayetoa ushahidi asioupenda.

"Nani alikutuma?" Elirehema aliuliza.

"Lugano. Alinisifu. Aliniambia mimi na yeye ni kitu kimoja. Barua yako iliniuma, lakini yeye ndiye aliyenimaliza."

"Barua nilikusudia ikuume."

"Imeuma. Hongera."

Mama mmoja mwenye redio ya mkulima alicheka, akajiziba mdomo kwa khanga. Elirehema hakucheka. Alikuja mbele ya meza, na sauti yake ikapungua.

"Nilishuka mlima ule kwa miguu, Raheli. Nilikataa lori la Kassimu. Unajua nilichokuwa nafikiri? Si baba yako. Nilikuwa nimejitengenezea mtu kichwani, kwa barua zote zile. Mwalimu asiyeogopa mtu. Halafu nikamkuta amekwenda mtoni."

"Huyo wa kichwani mwako sikuwahi kumjua," Raheli alisema. "Yuko huyu unayemwona. Anaogopa, halafu anarudi. Kama humtaki sema sasa, lori linaondoka saa nane."

Watu sita walisahau redio zao. Mzee Tumainieli alijifanya anakagua betri.

Kisha fundi akavua aproni yake ya turubai, akaitundika, akaanza kuteremsha bati la kufungia kibanda.

"Redio yangu je?" mama wa khanga alilalamika.

"Kesho, mama. Raheli, twende."

"Wapi?"

"Kwa mchungaji, kuandikisha matangazo ya ndoa. Yanasomwa Jumapili tatu, na mimi najijua, nikikaa nyumbani nikafikiri nitaghairi."

Raheli hakusogea. Machozi yalikuwa yamemfika kwenye kope, na hakutaka yaonekane na watu wa gulio. "Ina maana umenisamehe?"

"Sijakusamehe hata kidogo," Elirehema alisema, akipiga kufuli. "Nakuoa. Kusamehe kutachukua miaka, na sioni faida ya kuikaa mbali na wewe."